Mali na Mizizi Yake: Hesabu ya Nyumba Moja Majengo

"Ticha, sasa hii x nikishaipata naipeleka wapi?"

Aliyeuliza ni kijana wa fomu three. Tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya nyumba yao Majengo, daftari magotini, kelele za Gikomba zikitufikia kwa mbali. Mimi si mwalimu wa kusomea. Niliacha chuo kikuu nikiwa mwaka wa pili, na tangu hapo naishi kwa kuandika na kwa tuisheni ndogo ndogo za Jumamosi. Swali lililokuwa mbele yetu ni la aina ambayo kila mtu aliyepita sekondari Kenya anaikumbuka, wengine kwa uchungu: unapewa mlinganyo wenye herufi kadhaa, moja yao imepandishwa kipeo cha pili, kisha unaambiwa uiache hiyo moja peke yake upande wa kushoto. Nyingine zote zihamie kulia.

Kijana alijua kuhamisha. Alichokosa ni sababu. "Hii ni hesabu ya wazungu," akasema. "Nikimaliza fomu four naingia Gikomba na mjomba. Huko hakuna x."

Siku hiyo sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia tu kuwa itakuja kwenye mtihani, jibu ambalo hata mimi nililichukia nilipokuwa rika lake. Haya hapa ndiyo niliyomrudishia wiki mbili baadaye, nikiwa nimeenda kuitafuta hiyo x ilikotoka.

Ilikotoka si Ulaya. Kitabu kilichoipa aljebra jina lake kiliandikwa Baghdad yapata mwaka 820, wakati wa Khalifa al-Ma'mun, na mtu aliyeitwa Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Kwenye jina la kitabu mna maneno mawili: al-jabr na al-muqabala. La kwanza ndilo lililozaa aljebra. Jina la mwandishi nalo, Wazungu walipolitamka kwa Kilatini, likawa Algoritmi, na ndilo lililotupa neno algorithimu. Kwa hivyo ile algorithimu ya TikTok, inayojua unachopenda kuliko mamako, imebeba jina la mtu wa Baghdad wa miaka 1,200 iliyopita.

Kitabu chenyewe hakina x hata moja. Hakina alama ya kujumlisha wala ya sawasawa. Kila kitu kimeelezwa kwa maneno, hata namba. Kile kisichojulikana, kikizidishwa kwa chenyewe, al-Khwarizmi anakiita māl. Yaani mali. Upande wake, kile ambacho sisi tunakiandika x, anakiita mzizi. Swali lake maarufu zaidi likisemwa kwa lugha yetu ni hivi: mali moja na mizizi kumi yake ni sawa na 39. Je, mzizi ni ngapi?

Nilipomsomea kijana, alinyamaza kidogo. "Mali kama mali?" Ndiyo. Mali kama mali. Neno ni lile lile, lilikuja pwani na biashara na dini, likapanda reli hadi Nairobi, likakaa Majengo. Halikuja peke yake. Hesabu, mraba, sifuri, nusu, robo, thuluthi, yote yametoka kwenye shina moja na maneno ya kitabu kile. Muqabala, ile kazi ya kuweka vitu uso kwa uso pande mbili mpaka vilingane, ndiyo mama wa neno letu mkabala. Ukimwambia mtu duka liko mkabala na msikiti, umetumia nusu ya jina la kitabu cha aljebra. Na al-jabr maana yake ni kurudisha kilichovunjika mahali pake. Uhispania ya zamani, fundi wa kuunga mifupa aliitwa kwa neno la shina hilo hilo.

Sisemi kwamba Waswahili walikuwa wakitatua milinganyo kila jioni barazani. Neno aljebra lenyewe tulilipokea kupitia Kiingereza, na darasani Kenya hesabu bado inafundishwa kwa Kiingereza. Lakini mtoto wa Majengo anapoambiwa kuwa hesabu hii ni ya watu wengine, anadanganywa. Maneno yake ameyatumia tangu ajue kusema.

Sasa tuje kwa nyumba, kwa sababu bila nyumba hesabu hii haina utamu.

Nyumba za zamani za Majengo unazijua kwa umbo. Korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma ambako watu hupika na kufua. Kuta za udongo na miti, paa la mabati. Kila chumba kinakodishwa peke yake. Wenye nyumba walijenga kwa pesa zao, lakini juu ya ardhi ya manispaa. Na familia zikikua, mtu anaongeza banda ubavuni, mabati kidogo, vyumba viwili vitatu, maisha yanasonga.

Nikamtungia kijana swali. Nyumba ya asili ni mraba, upande wake ni x. Ubavuni limeongezwa banda lenye upana wa futi 10, urefu wake ni ule ule wa nyumba. Karatasi ya zamani inasema jumla ya yote ni futi mraba 1,200. Nyumba ya asili ilikuwa na upande wa futi ngapi? (Namba nimezitunga mimi, familia isije ikanitafuta.)

Kwa herufi: x² + 10x = 1,200. Kwa maneno ya al-Khwarizmi: mali moja na mizizi kumi ni sawa na 1,200.

Yeye hakutumia fomula. Alichora. Nasi tukachora kwa chaki pale sakafuni. Chora mraba, hiyo ndiyo nyumba. Banda la futi 10, likate katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya futi 5. Kimoja kiache ubavuni, kingine kihamishie juu ya mraba. Eneo halijabadilika, bado ni 1,200. Lakini umbo sasa ni kama mraba mkubwa uliong'olewa kona. Hiyo kona iliyokosekana ina futi 5 kwa 5, yaani 25. Ijaze. Sasa una mraba kamili wenye eneo la 1,225. Kipeuo cha pili cha 1,225 ni 35. Toa zile futi 5 ulizoongeza upande mmoja, zinabaki 30.

Nyumba ni futi 30 kwa 30. Jaribu: 30 mara 40 ni 1,200. Imeshuka.

Ukifanya hivyo hivyo bila namba, ukaita eneo lote E na upana wa banda b, unapata kanuni inayofaa nyumba yoyote ya aina hiyo: chukua nusu ya b, izidishe kwa yenyewe, jumlisha E, tafuta kipeuo cha pili, kisha toa nusu ya b. Hiyo ndiyo fomula ambayo watu wanaikariri vyooni dakika tano kabla ya mtihani. Ile kazi ya kukamilisha mraba, ambayo darasani inaonekana kama mazingaombwe, ni kujaza kona tu.

Na al-Khwarizmi hakuwa wa kwanza. Kwenye jumba la makumbusho la Uingereza kuna kibao cha udongo kutoka Babeli, nchi ambayo leo ni Iraki, kinachojulikana kwa namba BM 13901. Kina umri wa zaidi ya miaka 3,600. Swali lake la kwanza: eneo la mraba likijumlishwa na upande wake linakuwa robo tatu. Upande ni ngapi? Mwandishi anachukua nusu ya moja, anaizidisha kwa yenyewe, anajumlisha, anapata moja, anatoa nusu. Jibu ni nusu. Hatua ni zile zile tulizofuata sisi barazani. Uhindini, mwaka 628, Brahmagupta alieleza kanuni hiyo kwa maneno, akaongeza jambo ambalo hata al-Khwarizmi hakuligusa baadaye: namba hasi. Aliziita deni, na zile chanya akaziita mali.

Hapo kijana akacheka. Deni Majengo si somo geni. Kumbe lile swali letu lina jibu la pili, hasi 40: hasi 40 mara hasi 30 ni 1,200 pia. Al-Khwarizmi angelitupa, kwa sababu hakuna nyumba yenye upande wa hasi futi 40. Mtihani wa leo unataka uliandike, kisha useme kwa nini unalikataa.

Herufi zilikuja nyuma kabisa. Kitabu cha al-Khwarizmi kilitafsiriwa kwa Kilatini na Robert wa Chester mwaka 1145, huko Segovia, Uhispania. Mwaka 1591 Mfaransa François Viète akaanza kuandika herufi mahali pa namba zinazojulikana na zisizojulikana. Mwaka 1637 René Descartes akaweka desturi tuliyonayo: a, b, c kwa vinavyojulikana, x, y, z kwa visivyojulikana. Hapo ndipo ikawezekana kuuliza swali la aina ile iliyomsumbua kijana. Ukiwa na namba tupu, kisichojulikana ni kimoja tu. Ukiwa na herufi, unaweza kuchagua ni ipi utaitafuta na ni zipi utazichukulia kuwa zimeshatolewa.

"Lakini Ticha," kijana akasema, "si tungepima tu na futi?"

Swali zuri. Ukuta uliosimama pima, usisumbue akili yako. Lakini huu mtaa umejengwa juu ya kuta ambazo hakuna atakayezipima tena.

Kabla ya Majengo kulikuwa na vijiji vya Waafrika sehemu mbalimbali za Nairobi, Pangani kikiwa mashuhuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya mji ikatenga Pumwani, ambamo Majengo imo, iwe mahali rasmi pa Waafrika kuishi, na vijiji vingine vikaanza kuondolewa. Pangani ilivumilia mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha nayo ikabomolewa, na Shauri Moyo ikajengwa kwa ajili ya waliohamishwa. Leo ukienda Pangani utapata barabara, maduka na fleti. Kuta za wale wazee hazipo. Kilichobaki ni karatasi na kumbukumbu, jumla bila mgawanyo. Mtu akitaka kujua nyumba ya babu yake ilikuwa ukubwa gani, itabidi aanze na kile kinachojulikana arudi nyuma kwa kile kisichojulikana. Hiyo ndiyo kazi ya mlinganyo.

Ipo pia hesabu nyingine iliyofanywa juu ya mitaa hii, na hapo ndipo uchaguzi wa herufi unapouma. Wakoloni walimchukulia Mwafrika wa Nairobi kuwa kibarua aliyekuja kwa muda, ambaye akimaliza kazi atarudi reserve. Kwa hivyo walipopanga nyumba za Waafrika walizihesabu kwa vitanda. Ardhi ilikuwa imeshatolewa, mshahara ulikuwa umeshatolewa, kilichotafutwa ni vitanda vingapi vinaingia. Mke na watoto hawakuwa na herufi. Mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948 ulikuja kuzungumzia mitaa ya kifamilia, lakini bado jina lake lilikuwa mpango wa mji mkuu wa kikoloni.

Majengo watu walikuwa wanatafuta herufi nyingine. Mwanahistoria Luise White, kwenye kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka 1990, aliandika kuhusu wanawake wa Pangani na Pumwani waliojipatia pesa kwa njia zote zilizokuwepo, zikiwemo zile ambazo leo bado tunawahukumu kwazo, kisha wakazigeuza kuwa nyumba. Wengi walisilimu. Wengine, wasio na mtoto wa kuzaa, walichagua wenyewe nani atarithi. Kwao vitanda vilikuwa kitu kilichotolewa. Walichokitafuta ni nyumba, na baada ya nyumba, mrithi. Mji ni ule ule na namba ni zile zile, lakini anayeuliza amebadilika, basi na jibu linabadilika.

Na hapa ndipo al-Khwarizmi aliponishangaza zaidi. Kwenye dibaji anasema kitabu ni cha mambo ambayo watu huyahitaji kila siku: mirathi, wosia, kugawana, kesi, biashara, kupima ardhi, kuchimba mifereji. Hatanii. Milinganyo ya kipeo cha pili iko mwanzoni, lakini karibu nusu ya kitabu ni wosia na mirathi. Mtu amekufa, ameacha watoto wawili na deni, fulani aliahidiwa theluthi. Nani anapata ngapi? Mjane mwenye watoto hupata thumuni, moja ya nane, ndugu wa ile sumuni ya senti hamsini ambayo wazee wetu walinunulia peremende. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Kenya ya leo Mwislamu akikubali kesi yake ya mirathi iende kwa Kadhi, hesabu ni hiyo hiyo, na mahakama hizo zimo kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 170.

Nilimwambia kijana hayo yote nikidhani namfundisha historia. Sikujua kuwa nimekalia kesi.

Nyumba ile, ambayo baraza yake ndiyo darasa letu, ilikuwa ya nyanya yake. Nyanya alifariki akiwa mjane. Ameacha watoto watatu: mjomba, mama wa kijana, na mama mdogo. Banda lililo ubavuni alilijenga mjomba kwa pesa zake za Gikomba, hivyo ndivyo anavyosema. Mama wa kijana anasema pesa zilikuwa za kodi ya vyumba vya nyanya. Miezi imepita hawajaelewana, na hakuna anayeongea waziwazi, kila mtu anampa mwenzake salamu na kupita.

Kijana hakunieleza yote hayo kwa mdomo. Alichukua tu lile swali langu la 1,200 akaanza kuandika chini yake. Kama banda ni la mjomba, mirathi ni ile nyumba ya asili peke yake, futi mraba 900. Mafungu manne: mjomba mawili, 450; mama 225; mama mdogo 225. Ongeza banda, 300, mjomba anabaki na 750. Kama banda ni la nyanya, mirathi ni 1,200: mjomba 600, mama 300, mama mdogo 300.

"Tofauti ya mama ni 75," akasema.

Futi mraba 75. Chini kidogo ya chumba kimoja cha futi 10 kwa 10. Ni pale pa kuweka kitanda, jiko na sanduku la nguo. Tukatazamana.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimemfundisha. Akaurudia mlinganyo, safari hii akaitafuta b badala ya x. Ukijua E na ukijua x, b ni E gawanya kwa x, kisha toa x. 1,200 gawanya kwa 30 ni 40, toa 30, ni 10. Haina hata haja ya kipeuo cha pili. "Kumbe ya mjomba ni rahisi," akasema. "Ya nyanya ndiyo ngumu."

Nilimwambia ukweli, kwamba mlinganyo hautamwambia pesa za banda zilitoka kwa nani. Hilo ni la mashahidi, la wazee, la Kadhi ikifika huko. Kinachofanywa na mlinganyo ni kuonyesha ugomvi uko wapi hasa na una ukubwa gani. Mpaka siku hiyo familia ilikuwa inagombania nyumba. Sasa tulijua kuwa kila dada anagombania futi 75, na kwamba 900 hazina mgogoro hata kidogo. Mtu anaweza kukaa chini akaongea kuhusu futi 75. Kuhusu nyumba ya marehemu mama yako nzima, ni vigumu.

Pia nilimwona akihesabu kitu kingine ambacho hakukiandika. Mjomba huyo ndiye aliyemwahidi kazi Gikomba.

Karatasi aliikunja akaiweka mfukoni. Sijamuuliza kama ameionyesha mtu, na si kazi yangu kuuliza. Jumamosi iliyofuata nilimkuta barazani kama kawaida, banda ubavuni kwake, mjomba akitoka nalo akatupa salaam aleikum, tukaitikia. Kijana alikuwa amechora nyumba mpya kwenye daftari, safari hii mabanda ni mawili, moja kila upande, na upana wao hautoshani. Aliyaita b na c.

"Ticha," akasema, "nataka kwanza nijue ya nyanya ilikuwa ngapi."